Makombo ya meza ya Antonio de Cabezón

Mwaka 1578, katika kiwanda cha uchapaji cha Francisco Sánchez mjini Madrid, kilitoka kitabu cha muziki chenye jina refu, Obras de música para tecla, arpa y vihuela, yaani kazi za muziki kwa ajili ya kinanda, kinubi na vihuela, ala ya nyuzi inayofanana na gitaa kwa umbo. Mtunzi wake, Antonio de Cabezón, alikuwa amekwisha kufariki miaka 12 iliyotangulia. Aliyezikusanya kazi hizo na kuzipeleka mtamboni alikuwa mwanawe, Hernando, aliyerithi nafasi ya baba yake ya upigaji kinanda katika jumba la Mfalme Felipe II. Katika dibaji, Hernando aliandika neno ambalo waandishi wengi wa habari za Cabezón hulitaja kama unyenyekevu wa mtoto kwa mzazi, kisha wakapita: kwamba yaliyomo humo ni makombo tu yaliyodondoka kutoka meza ya baba yake, masomo aliyowapa wanafunzi kwa kadiri ya uwezo wao, wala si kipimo cha kile alichokijua mwalimu mwenyewe.

Naona kauli hiyo inastahili kusomwa kama taarifa na si kama adabu za dibaji. Tukiisoma hivyo, mengi yanayosemwa kuhusu Cabezón leo, ikiwemo sifa ya kuwa ni “Bach wa Hispania”, kwa kumfananisha na Johann Sebastian Bach, mtunzi mashuhuri wa Kijerumani, yanaanza kulegea, na badala yake anajitokeza mtu wa aina nyingine, ambaye kazi yake kuu ilimalizika kila siku pale alipoondoa vidole kwenye vibao vya kinanda.

Alizaliwa mwaka 1510 katika kijiji cha Castrillo Matajudíos, karibu na Castrojeriz katika eneo la Burgos. (Jina la kijiji hicho lilibeba maneno ya kuua Wayahudi kwa karne kadhaa, mpaka wakazi wake walipopiga kura mwaka 2014 kulibadili, na tangu 2015 kinaitwa Castrillo Mota de Judíos.) Alipofuka akiwa mtoto mdogo sana. Masomo ya muziki aliyapata Palencia, mji wenye kanisa kuu lililokuwa na kinanda na kwaya, na inaaminika kwamba aliyemfundisha alikuwa mpiga kinanda wa kanisa hilo, García de Baeza. Mwaka 1526, akiwa na umri wa miaka 16, aliingizwa katika utumishi wa Isabel wa Ureno, aliyekuwa ameolewa mwaka huo huo mjini Sevilla na Kaizari Carlos V. Kwa kijana kipofu kutoka kijiji cha wakulima, hiyo haikuwa hatua ndogo, na baada yake hakuwahi tena kufanya kazi nje ya jumba la kifalme hadi kufa kwake.

Hapa ndipo wasimuliaji wengi huanza kuzungumzia upofu kama kipaji kilichofichwa. Hernando mwenyewe alifanya hivyo, akiandika kwamba kukosa kuona kwa macho kulizidisha maono ya ndani ya baba yake. Ni maelezo yanayofariji, lakini hayaelezi kitu. Hispania ilikuwa na wapiga kinanda vipofu kadhaa ambao majina yao yamebaki: Francisco de Salinas, aliyezaliwa mwaka 1513 na baadaye akawa mwalimu wa muziki katika Chuo Kikuu cha Salamanca, Pablo Bruna, aliyefahamika kama kipofu wa Daroca, na Pablo Nassarre, aliyeandika vitabu vizito vya nadharia ya muziki. Safu kama hiyo haijengwi na miujiza. Inajengwa na Kanisa lililohitaji wapiga kinanda wengi, na kazi ambayo sehemu yake kubwa ilifanywa bila karatasi. Mpiga kinanda wa karne ya 16 alitakiwa kuwa na nyimbo za Kigregori kichwani, kuzijua toni nane za Kanisa, yaani ngazi nane za sauti ambazo nyimbo hizo zilijengwa juu yake, kama ajuavyo njia ya nyumbani kwake, na kubuni sauti nne papo hapo juu ya wimbo wowote alioutaja kiongozi wa kwaya. Kijana kipofu mwenye masikio mazuri na mwalimu mvumilivu aliweza kuifanya kazi hiyo sawasawa na anayeona, na jamii ya wakati huo haikuwa na nafasi nyingi nyingine za heshima za kumpa.

Katika jumba la kifalme alipanda taratibu. Mwaka 1538 Carlos V alimwongezea cheo cha mwanamuziki wake wa ndani. Isabel alipofariki mwaka 1539, Cabezón aligawanya utumishi wake kati ya nyumba ya mrithi wa kiti, Felipe, na nyumba ya dada zake wawili, María na Juana. Tangu 1543 akawa rasmi mpiga kinanda wa Felipe, na wawili hao hawakuachana kwa zaidi ya miaka 20. Felipe aliposafiri kati ya 1548 na 1551 kupitia Genoa, Milan, Trento, Innsbruck, München na Heidelberg mpaka Brussels, Cabezón alikuwa katika msafara. Juan Calvete de Estrella, aliyeandika habari za safari hiyo, alimsifu kwa kumwita Orfeo mwingine wa zama zao, akimfananisha na mwanamuziki wa hadithi za Wagiriki wa kale. Felipe alipovuka bahari mwaka 1554 kwenda kumwoa Malkia Mary Tudor wa Uingereza, Cabezón alivuka naye.

Safari hii ya Uingereza imezaa dai ambalo halitaki kufa. Inasemwa kwamba Waingereza walijifunza kwa Cabezón sanaa ya kuchukua wimbo mmoja na kuurudia mara nyingi, kila mara kwa mapambo mapya, sanaa ambayo kazi zake Wahispania waliziita diferencias na ambayo miaka michache baadaye ilistawi sana mikononi mwa William Byrd na wenzake. Dai hilo lina mvuto: Byrd alikuwa kijana wa takriban miaka 14 wakati huo, Thomas Tallis, mtunzi mwingine wa Kiingereza, alikuwa katika kanisa la kifalme, na waimbaji wa pande mbili walikutana. Lakini kukutana si ushahidi wa kufundishana. Wapiga kinanda wa Uingereza walikuwa tayari na mtindo wao wa kupamba juu ya besi inayojirudia, kama unavyosikika katika ngoma ya Hugh Aston iliyotangulia ujio wa Felipe. Tena tunaye wa kumlinganisha naye. Katika msafara huo huo alikuwepo mwimbaji Philippe de Monte, na kati yake na Byrd kuna alama iliyo wazi: miaka ya 1583 na 1584 walipelekeana tungo za Kanisa, De Monte akianza na Byrd akijibu. Kwa Cabezón hakuna barua, hakuna nakala, hakuna wimbo wake uliokutwa katika madaftari ya Waingereza wa wakati huo. Hata sifa ya kuwa mwanzilishi wa diferencias si yake, kwa kuwa Luis de Narváez, mpigaji wa vihuela aliyetumikia jumba hilo hilo, alikuwa amechapisha kazi za namna hiyo mwaka 1538.

Turudi kwenye kitabu chenyewe, maana ndicho shahidi mkuu. Anayekifungua kutoka ukurasa wa mbele hakutani na kazi kubwa. Anakutana na tungo za sauti mbili zilizoandikwa wazi kuwa ni za wanaoanza. Baada yake huja sauti tatu, kisha sauti nne, aya fupi za zaburi na za Kyrie, halafu tiento, yaani tungo ndefu ambamo sauti hufuatana kwa kuigana, kisha nyimbo za watunzi wa kaskazini kama Josquin, Gombert na Crecquillon zilizojazwa mapambo, na kuelekea mwisho zile diferencias ambazo leo ndizo zinazopigwa zaidi kwenye matamasha. Mpangilio huo ni wa mwalimu: mwanafunzi anapandishwa ngazi moja baada ya nyingine, kutoka vidole viwili vitatu mpaka mikono iliyojaa. Hernando hakutania aliposema haya ni masomo.

Zile aya fupi ndizo zinazoonyesha vizuri zaidi jinsi masomo hayo yalivyofanya kazi. Katika Masifu ya Jioni, zaburi haikuimbwa yote na kwaya. Kwaya iliimba aya moja, kinanda kikapiga inayofuata bila maneno, na hivyo wakapokezana mpaka mwisho. Kwa hiyo mpiga kinanda alihitaji kuwa na aya nyingi fupi katika kila moja ya toni nane. Cabezón anaziandaa kwa namna ambayo mwalimu yeyote wa kwaya ataipenda. Katika aya ya kwanza ya toni, ule wimbo wa zaburi unawekwa juu, kwenye soprano, kwa nota ndefu zisizo na pambo, na sauti tatu nyingine zinatembea chini yake. Katika aya ya pili wimbo ule ule unashuka kwenye alto, katika ya tatu unakuwa kwenye tenor, na katika ya nne unashikwa na besi. Mwanafunzi anayepitia toni zote nane kwa utaratibu huo atakuwa amejifunza kusikia wimbo mmoja kutoka kila mahali ndani ya mkono wake, na kuzungushia sauti nyingine popote ulipo. Hizi si kazi zilizotungwa ili zihifadhiwe. Ni vielelezo vya namna ya kubuni, na aliyekwisha kuvielewa hakuvihitaji tena.

Namna kitabu kilivyoandikwa nayo inalingana na kusudi hilo. Muziki wake haukuandikwa kwa nota kwenye mistari mitano bali kwa tarakimu, na msomaji wa Afrika Mashariki aliyepitia kwaya ya parokia hatapata shida kuuelewa, kwa sababu unakaribiana sana na solfa iliyobandikwa kwenye ubao wa mazoezi. Kila sauti ina mstari wake, moja juu ya nyingine. Tarakimu 1 ni fa, 2 ni sol, 3 ni la, na hivyo kuendelea mpaka 7 ambayo ni mi, kisha mzunguko unaanza upya kwa alama ndogo za kuonyesha kama nota ni ya juu au ya chini, kama solfa inavyotofautisha do ya juu na ya chini kwa kialama. Urefu wa nota unaandikwa juu ya mistari yote kwa pamoja. Tofauti kubwa ni kwamba katika solfa do huhama kulingana na ufunguo wa wimbo, ilhali tarakimu za Kihispania zimefungwa kwenye kibao kimoja cha kinanda. Mfumo huu ulikuwa umetumiwa na Luis Venegas de Henestrosa katika mkusanyo uliochapwa Alcalá de Henares mwaka 1557, na Francisco Correa de Arauxo wa Sevilla aliutumia bado mwaka 1626. Ulikuwa rahisi kwa mchapaji, ulichukua nafasi ndogo, na ulimwezesha mpigaji wa kinubi au vihuela kusoma ukurasa ule ule.

Lakini kuna kinachopotea. Mapambo madogo ya vidole, ambayo Wahispania waliyaita quiebros na redobles, hayakuandikwa; ilichukuliwa kwamba mpigaji ameyajua kwa mwalimu. Tunayajua kwa sehemu kubwa kupitia kitabu cha Tomás de Santa María, mtawa wa Kidominiko, kilichochapwa Valladolid mwaka 1565, ambacho mwandishi wake anasema kilikaguliwa na kuidhinishwa na Cabezón pamoja na ndugu yake Juan, mpiga kinanda pia. Kitabu hicho kinafundisha hasa jinsi ya kubuni, na chombo anachokifikiria zaidi Santa María si kinanda kikubwa cha kanisani bali monacordio, kinanda kidogo cha nyuzi chenye sauti ya chini kiasi cha kutosikika chumba cha pili. Mtu aliyefundisha watoto wa kifalme na wanafunzi wake mwenyewe katika vyumba vya ndani bila shaka aliketi mbele ya chombo cha namna hiyo kwa saa nyingi kuliko alizoketi mbele ya mabomba ya kinanda cha kanisani.

Jambo hili lingebadili masikio yetu kama lingezingatiwa. Anayemtafuta Cabezón katika rekodi za leo mara nyingi atamsikia kwenye vinanda vikubwa vya Hispania vyenye zile tarumbeta zilizolazwa, yaani mabomba yenye sauti ya tarumbeta, zikitokeza mbele kama mizinga. Ni sauti ya kusisimua, lakini tarumbeta hizo ni za mwishoni mwa karne ya 17. Hata jumba la El Escorial, ambalo watu hulihusisha mara moja na Felipe II na muziki wake, lilianza kujengwa mwaka 1563, na Cabezón alifariki Madrid tarehe 26 Machi 1566, wakati kanisa la jumba hilo halijakamilika. Sisemi kwamba ni kosa kumpiga kwenye vinanda hivyo. Muziki mzuri hustahimili vyombo vingi. Nasema kwamba picha ya Cabezón kama sauti ya dola, akinguruma chini ya kuba la mawe, ni picha iliyotengenezwa na vyombo ambavyo hakuwahi kuvigusa.

Kuna suala jingine ambalo wapenzi wake hawapendi kuligusa. Kipofu hakuandika nota kwa mkono wake, hivyo kila ukurasa tulionao ulipita mkononi mwa mtu mwingine. Kitabu cha Venegas kinamtaja kwa jina la “Antonio” tu, na wasomi wamebaki na kazi ya kupima kipi ni chake. Hernando, kwa upande wake, alikuwa mtunzi mwenye uwezo, aliyechanganya kazi chache zake mwenyewe humo humo kitabuni, na alikuwa akichapa miaka mingi baada ya masomo hayo kutolewa. Ni wapi alipoishia kunakili na kuanza kusawazisha? Sidhani kama swali hilo linampunguzia Cabezón hadhi yoyote. Linatuonya tu dhidi ya kuichukulia kila nota kama amri ya mtunzi, jinsi tunavyoweza kufanya kwa watunzi ambao maandishi yao ya mkono yapo.

Na hapo ndipo sifa ya “Bach wa Hispania” inapokwama. Ilienea kutokana na Felipe Pedrell, mwanamuziki wa Katalunya aliyerudisha kazi za Cabezón kwa wasomaji wa kisasa katika mkusanyo wake wa miaka ya 1895 hadi 1898, na ambaye wanafunzi wake, akiwemo Manuel de Falla, waliujenga upya muziki wa Hispania. Pedrell alikuwa na haja ya kuithibitishia Ulaya kwamba nchi yake ina mababu wa muziki, na jina la Bach lilikuwa fedha inayokubalika kila soko. Namwelewa, na bila yeye huenda tusingekuwa tunamzungumzia Cabezón. Lakini Bach alizaliwa mwaka 1685, aliandika kwa mkono wake, akasahihisha, akapanga kazi zake kwa makusudi ili zidumu. Kumpima Cabezón kwa kipimo hicho ni kumwandalia kushindwa, kwa kuwa tunalinganisha meza nzima ya mmoja na kile kilichodondoka chini ya meza ya mwingine. Msomaji anayefika kwa Cabezón akitarajia fuga, tungo za sauti zinazofukuzana alizosifika nazo Bach, atasikia muziki mtulivu, usio na haraka ya kufika popote, na atadhani ni wa mwanzilishi ambaye hakujua kumalizia.

Walioishi naye hawakuhitaji ulinganisho huo. Alizikwa katika kanisa la San Francisco mjini Madrid, na shairi la Kilatini lililowekwa kaburini mwake lilisema kwamba jumba zima la Felipe lilimlilia kwa kupoteza pambo la nadra kama yeye. Kanisa hilo lilibomolewa katika karne ya 18 kupisha San Francisco el Grande, na kaburi likapotea.

Kwa anayetaka kumsikia kwa mara ya kwanza, kawaida hupendekezwa zile diferencias juu ya wimbo wa El caballero, na ni kweli kwamba ni nzuri: wimbo unahama kutoka sauti hadi sauti, na kila mzunguko unaunganishwa na unaofuata bila kusimama, hata msikilizaji hatambui ni wapi mmoja umeisha. Mimi ningependekeza zile aya za zaburi, tena zipigwe jinsi zilivyokusudiwa, kwaya ikighani aya moja na kinanda kikijibu. Zikipigwa mfululizo bila kwaya, kama rekodi nyingi zinavyofanya, zinachosha baada ya dakika tano, kwa sababu nusu ya muziki haipo. Kwaya yoyote inayoimba Masifu ya Jioni na yenye mpiga kinanda wa kuaminika inaweza kulifanya jambo hili Jumapili moja kwa toni moja tu, aya nne, na hakuna kati yake inayozidi uwezo wa mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu.